Nina laki tatu na gitaa la umeme, ampu sina. Ninunue ipi ya kujifunzia chumbani?

NyuziSita

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi wa pili huu nina gitaa la umeme. Nililinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama mji, shingo imenyooka, nyuzi zote zipo, bei tukaelewana. Ampu, ile mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, hakuwa nayo. Tangu siku hiyo nachomeka kwenye sabufa ya hapa ndani kwa waya niliotengenezewa na fundi redio: huku jeki kubwa ya gitaa, kule zile pini mbili nyekundu na nyeupe. Sauti inatoka, ila inatoka kama ya mtu anayeongea akiwa kajifunika blanketi. Uzi mnene ukiupiga unavuma mpaka kikombe kinatembea mezani. Nyuzi nyembamba ni kama hazipo.

Naishi chumba kimoja cha kupanga, Tabata. Ukuta mmoja nachangia na mwenye nyumba, mtu mstaarabu kabisa, lakini ana mjukuu mchanga. Ninachotaka kujifunza ni solo za rumba na za dansi letu, siendi jukwaani leo wala kesho.

Bajeti laki tatu. Ikifika laki tatu na nusu nitakula mihogo mwezi mzima. Jumamosi nilizunguka Kariakoo nikaona mbili:

Ya kwanza mpya kwenye boksi, jina silijui, mbele imeandikwa WATI 100 kwa herufi kubwa za dhahabu. Shilingi 280,000.

Ya pili ni Roland Micro Cube, mtumba wa Japani, kidude unakibeba kwa mkono mmoja kama kidumu cha mafuta. Wati 2. Anataka 250,000.

Wati 100 kwa wati 2, na bei zinakaribiana! Akili inasema chukua ya kwanza. Ila muuzaji alivyonikazania niichukue hiyohiyo ndiyo nikashtuka. Wajuzi karibuni.

Karanga_Mbichi

Ngoja waje wajuzi. Mimi niko siti ya mbele.

FundiTrafo

Mkuu NyuziSita, tuanze na hiyo sabufa, maana hata ukinunua ampu leo kuna mwingine atasoma hapa kesho akiwa na tatizo hilohilo.

Pikapu ya gitaa ni waya mwembamba kama unywele, umezungushwa maelfu ya mara kuzunguka sumaku. Umeme unaozaliwa pale ni mdogo na hauna ubavu wa kusukuma mzigo. Ampu ya gitaa inaupokea kwenye mlango wenye ukinzani wa karibu omu milioni moja, yaani haiubebeshi kitu. Sabufa imetengenezwa kupokea simu na deki, mlango wake ni omu elfu kumi, elfu ishirini, huko. Gitaa likichomekwa pale linaelemewa, na kinachokufa kwanza ni zile sauti kali za juu. Hilo ndilo blanketi lako.

Halafu sabufa yenye spika tatu zinagawana kazi: kubwa inachukua besi, wadogo wawili wanachukua juu. Gitaa linaishi katikati. Uzi wako mnene ukipigwa wazi uko Hz 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na spika ya ampu ya gitaa ikipita Hz 5,000 hivi inaanza kuacha. Sehemu kubwa ya hapo katikati ndiyo sabufa inayoipita mbio kama basi lisilosimama vituoni.

Sasa hiyo WATI 100. Rudi dukani, usiangalie mbele, geuza nyuma au shika adapta yake. Kuna sehemu imeandikwa volti na ampea. Zidisha, ulete jibu hapa. Ampu haiwezi kutoa zaidi ya inachokula.

Na hiyo ya Japani: umeme wao ni volti 100, wetu 230. USICHOMEKE kabla hujanipigia picha ya nyuma yake.

MzeeWaRidhimu

Kijana, hongera kwa gitaa. Nimepiga ridhimu kwenye bendi za dansi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nitasema ninalolijua, mambo ya omu nawaachia wenyewe.

Wewe umesema unataka solo ya rumba. Basi kitu cha kutafuta kwenye ampu ni kimoja: sauti SAFI. Hao vijana wa dukani watakuonyesha swichi ya mikwaruzo kwanza, kwa sababu inapendeza haraka. Ukiiwasha, hata anayebahatisha anaonekana anajua. Sikiliza gitaa la Dr. Nico wa Kongo, sikiliza la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro: kila noti imesimama peke yake kama shanga kwenye uzi. Kwa sauti ile hakuna pa kujificha. Kidole kikibonyeza vibaya inasikika, na hiyo ndiyo faida yake kwa mwanafunzi.

Wakati unatafuta hela usikae bure. Sisi tulijifunza bila ampu kabisa. Chukua gitaa lako lisilochomekwa popote, egemeza kile kichwa chake chenye masikio kwenye mlango wa kabati la mbao, kisha piga. Kabati zima linakuwa spika. Mwenye nyumba hasikii kitu.

NyuziSita

Shikamoo mzee. Nimejaribu sasa hivi kwenye kabati. Aisee! Kumbe nina vidole vibaya hivi?

MzeeWaRidhimu

Marahaba. Ndiyo kwanza unajua.

KayoleRiff

Niaje wadau, mimi niko Nairobi. Mzee nakuheshimu, lakini si kila mtu anapiga rumba. Huku kuna watu wa rock na wa metal, na gitaa bila distosheni, hiyo mikwaruzo yenu, kwetu ni chai bila majani. Mtu wa metal akichukua ampu safi tupu atachoka wiki moja na gitaa litaning'inia ukutani.

Mimi nilianza na Boss Katana Mini. Wati 7, spika ya inchi 4, inakula betri sita za AA au adapta. Ina aina tatu za sauti, safi, ya katikati na ile kali, plus mwangwi wa kurudiarudia. Treble, kati na besi kila moja ina kitufe chake. Chumbani inatosha na inabaki.

Hapa Luthuli Avenue pia hizo za "wati mia" zimejaa. Zinanguruma kama bodaboda iliyotobolewa ekzosi.

FundiTrafo

KayoleRiff uko sawa kwa muziki wako, na mzee yuko sawa kwa wa kwake. Lakini kuna sababu ya kifundi na wapiga gitaa wengi hawaijui, ngoja niiseme kwa do-re-mi maana wengi humu wamepita kwaya.

Mikwaruzo ni ampu kukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Ukipiga noti moja, inanenepa, inapendeza. Ukipiga mbili kwa pamoja, zile mbili zinazaa nyingine ambazo hukuzipiga. Do na sol zikizaa, watoto wanafanana na wazazi, ndiyo maana watu wa rock wanapenda kupiga do na sol. Do na mi zikizaa, watoto wanagombana na kila mtu. Sasa solo ya rumba inatembea kwa nyuzi mbili mbili, do na mi, re na fa, kutoka mwanzo wa sebene mpaka mwisho. Weka mikwaruzo pale uone uji unavyomwagika.

Kwa hiyo huyu kijana wetu hahitaji ampu yenye kelele nyingi. Anahitaji ambayo ikiwa safi inabaki safi hata akipiga kwa nguvu.

MzeeWaRidhimu

Miaka kumi na tisa nilikuwa najua kwamba inachafuka, sikujua kwa nini. Ahsante fundi.

NyuziSita

Nimerudi Kariakoo leo mchana. Majibu:

Ile ya WATI 100: adapta yake imeandikwa 12V, 1.5A. Nimezidisha kwa simu mbele ya muuzaji. 18. Nikamuuliza, "Bosi, inakula kumi na nane inatoa mia, hizi themanini na mbili zinatoka wapi?" Akasema, "Hiyo ni teknolojia mpya."

Micro Cube: nyuma kuna tundu dogo la duara, pameandikwa DC 9V, pembeni kuna mchoro wa kiduara chenye nukta katikati na alama za + na −. Adapta aliyonayo imeandikwa AC 100V. Chini kuna mfuniko wa betri, sita.

FundiTrafo

Hahaha, teknolojia mpya. Hapo kwa kweli ikijitahidi itatoa wati kumi na kidogo, nyingine zinaishia kuwa joto. Wati kumi si vibaya kabisa kwa chumba, ubaya ni kulipia mia.

Na hata hiyo mia ingekuwa ya kweli usingeisikia ulivyofikiri. Wati zikiongezeka mara mbili unapata desibeli 3 tu, sikio linatambua kwa shida. Ili sikio liseme "hii ni kubwa mara mbili" unahitaji kama mara kumi ya nguvu. Kwa hiyo toka wati 2 kwenda wati 20 unapata ukubwa mara mbili, si mara kumi. Chumbani, na mtoto mchanga ukutani, hizo wati 2 hutazimaliza.

Sasa habari njema. Hiyo Roland haina trafo ndani, inakula volti 9 kutoka nje. Tatizo la Japani liko kwenye adapta peke yake. Mwachie adapta yake, au chukua ukae nayo kama kumbukumbu. Nunua ya hapa yenye kutoa DC volti 9. Ampea ziwe sawa na zilizoandikwa kwenye adapta ya zamani au zaidi. Zikizidi hakuna madhara, ampu inachukua inachohitaji. Kitu cha kuchunga ni ule mchoro wa kiduara. Adapta nyingi za mtaani chanya iko katikati. Boss na Roland HASI iko katikati. Ukichomeka kinyume unaweza kuiua pale pale dukani, na muuzaji atakwambia umeshainunua.

Ingekuwa ampu kubwa ya Japani yenye waya wa ukutani moja kwa moja, hapo ungetafuta trafo ya kushusha volti, uzito kama tofali, na ningekwambia achana nayo.

Mkwavi_Minnesota

Hapo kwenye volti nitoe ushuhuda. Mwaka juzi nilishuka likizo na ampu nzuri tu nimembebea mdogo wangu, nimeifungia kwenye sanduku katikati ya nguo za watoto. Huku Marekani umeme ni volti 120. Nilikuwa najua. Nilisema nitanunua trafo kesho. Mdogo wangu hakungoja kesho, alikuta kiplagi cha kubadilishia miguu ya pini akachomeka. Tulikuwa tunakula sebuleni, tukasikia puu, halafu harufu ya plastiki ya kuungua. Kile kiplagi kinabadilisha umbo la miguu tu, volti hakigusi.

BintiMakunduchi

Pole kaka. Sisi wa Muscat tunashukuru: umeme wa Oman ni volti 240 na plagi ni hizihizi za miguu mitatu minene kama nyumbani. Kaka yangu Unguja nilimpelekea ampu, akachomeka siku hiyo hiyo. Mwenye ndugu Ghuba amtumie huyo kabla ya wa Marekani.

Simu_Tu

Jamani kwa nini anunue ampu? Siku hizi simu inafanya yote. Kuna waya wa kuunganisha gitaa na simu, unapakua programu, unachagua ampu zaidi ya ishirini, unavaa hedifoni za bluetooth, mwenye nyumba hajui kama upo. Laki tatu inabaki mfukoni.

KayoleRiff

Umewahi kufanya hivyo wewe mwenyewe ama umesoma?

Simu_Tu

Nimeona video.

KayoleRiff

Hapo sawa. Mimi nimefanya. Unapiga uzi, halafu unasubiri, halafu ndio sauti inakuja. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sehemu moja ya kumi ya sekunde na zaidi. Video haijali, kwa sababu simu inachelewesha picha pia. Mkono wako haucheleweshwi. Ni kama kuimba kwenye shimo refu.

Sauti hewani inasafiri kama sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde. Kuchelewa vipande kumi vya hivyo ni kama kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa ampu, hiyo mtu anazoea. Kuchelewa vipande mia ni kama ampu iko mita 34, nyumba ya tatu kutoka kwako.

Ukiwa na iPhone, GarageBand ni ya bure na ina ampu za gitaa ndani, lakini utumie kiunganishi cha waya na hedifoni za waya. Android zinatofautiana sana, moja iko poa, nyingine inaburuta.

FundiTrafo

Nakazia. Kama bajeti ingekuwa laki moja ningemwambia atafute Vox amPlug. Kidude kinachomekwa kwenye gitaa lenyewe, betri mbili za AAA, hedifoni za waya zinaingia hapo hapo. Lakini mtu anayejifunza peke yake chumbani akivaa hedifoni kwa masaa matatu kila siku, masikio yanachoka na mgeni akija hasikii kitu. Spika ina raha yake.

MamaKwaya

Samahani wapendwa, naingilia. Mwanangu anapiga gitaa kwaya ya vijana na tumechangishana tumnunulie ampu. Hii ndogo inaweza kutumika kanisani pia? Waumini kama mia na hamsini, na ngoma zipo.

FundiTrafo

Mama, hapana. Kinanda na ngoma vikianza haitasikika. Lakini ndogo zenye tundu la hedifoni au la kurekodia mnaweza kuziunganisha kwenye mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, spika za kanisa zikafanya kazi ya ukubwa. Micro Cube ina tundu hilo. Ampu inakuwa ya kutengenezea sauti tu.

Ila mama nakuomba jambo moja, mwambie mwanao. Ampu ya gitaa ikiwa kwenye soketi isiyo na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, na mikrofoni iko kwenye mikisa yenye ethi, nyuzi za gitaa na mikrofoni vinaweza kuwa na umeme tofauti. Mpiga gitaa anasogea kuimba, mdomo unagusa mikrofoni, anapigwa shoti. Mimi nilipigwa nikiwa na miaka ishirini na mbili, katikati ya pambio, watu wakadhani nimepandisha. Tangu hapo kabla sijaimba nagusisha nyuzi za gitaa kwenye chuma cha mikrofoni kwanza. Kama kuna cheche, itoke huko na si kwenye mdomo wangu. Na asikate ule mguu wa tatu wa plagi hata kama mvumo unapungua akiukata.

MamaKwaya

Ee Mungu wangu. Yupo jamaa kanisani ameukata. Asante sana baba, kesho namwambia mzee wa kanisa.

NyuziSita

Wakuu, naelemea kwa Micro Cube. Lakini je, kwa laki tatu kuna nyingine ambayo nikiikuta nisiipite?

FundiTrafo

Katana Mini aliyoisema KayoleRiff, ukipata nzima. Fender Frontman 10G nayo ni ya heshima: wati 10, spika ya inchi 6, upande safi ni safi kweli, tundu la hedifoni lipo na la kuingizia muziki wa simu lipo. Haina mwangwi wowote, kwa hiyo kwa rumba itakuwa kavu kidogo, na lazima iwe na umeme wa ukutani, angalia volti nyuma. Blackstar Fly 3 ni wati 3, spika ya inchi 3, nzuri ya kusafiria ila besi usiidai. Yamaha THR ningekuwa na hela ningenunua mbili, bajeti yako haifiki huko hata kwa mtumba.

Mimi kwa muziki uliosema ningekaa na Micro Cube kwa sababu moja. Kwenye kile kitufe cha kuchagua aina ya ampu kuna pameandikwa JC CLEAN. Hiyo wameiga Roland JC-120, ampu ya mwaka 1975, wati 120, spika mbili za inchi 12, na sifa yake duniani ni usafi na ile korasi yake inayoyumba kama maji. Weka hapo, korasi kidogo, mwangwi kidogo. Utanielewa.

Spika ni ya inchi 5 lakini. Usije ukarudi hapa kulalamika haina kishindo.

MzeeWaRidhimu

Sasa namna ya kuijaribu, maana mtumba ni mtumba.

Nenda na gitaa lako mwenyewe na waya wako. Gitaa la dukani litakudanganya. Nenda asubuhi kabla kelele za wauza redio hazijaanza. Washa ampu bila kuchomeka gitaa, zungusha sauti taratibu mpaka mwisho. Kuvuma kidogo kama upepo ni kawaida. Ikikwaruza unapozungusha, vumbi limeingia, fundi anapulizia dawa linaisha, lakini bei ishuke. Ikikatika na kurudi, fikiri mara mbili. Kisha chomeka, weka vitufe vyote katikati, piga uzi mmoja mmoja ukiwa wazi, uache ulie mpaka ufe wenyewe. Sikiliza unavyokufa. Spika iliyochanika inatetemeka mwishoni, kama nzi kwenye kopo. Tikisa jeki kwenye tundu lake. Chomeka hedifoni, tundu hilo ndilo linaloharibika na hakuna anayelijaribu. Halafu iache iwake dakika ishirini huku mnapiga soga, uone kama inabadilika ikipata joto.

Na usipige unachokijua vizuri tu, utajifurahisha bure. Piga kile unachokosea.

Karanga_Mbichi

Karanga zimeisha, naongeza. Uzi mtamu huu. NyuziSita usituache njiani, mrejesho muhimu.

NyuziSita

MREJESHO.

Nimeinunua. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, duka ndiyo wanafagia. Nilienda na betri sita mpya mfukoni ili nisitegemee adapta ya mtu. Nikaiwasha, nikazungusha kama mzee alivyosema. Kitufe cha sauti kilikwaruza, khrr, kuanzia namba tatu mpaka tano. Nikamwangalia muuzaji, naye akaangalia dari. Tundu la gitaa lilikuwa legelege, ukitikisa waya sauti inaenda na kurudi. Spika nzima, niliacha uzi ulie mpaka mwisho, hakuna nzi. Hedifoni zinatoa pande zote mbili.

Nikamwambia 180,000. Akacheka. Nikaanza kufungua mfuniko nitoe betri zangu. Tukamalizana 215,000.

Fundi wa jirani alikaza nati ya tundu la gitaa kwa spana na akapulizia dawa kwenye kitufe, 5,000. Khrr imeisha. Adapta 15,000, na hapa FundiTrafo ubarikiwe: tatu za kwanza nilizopewa zote zilikuwa chanya katikati. Yule dada wa duka la adapta alinishangaa nikigeuza kila moja kusoma kile kiduara. Ya nne ilikuwa na swichi ya kubadilisha, nikaweka hasi katikati, nikahakikisha kwa mita ya fundi kabla ya kuchomeka. Waya mzuri wa gitaa 20,000. Hedifoni za waya 30,000. Jumla 285,000. Mihogo nimeikwepa.

JC CLEAN, korasi kidogo, mwangwi kidogo. Fundi, nimekuelewa.

Swali moja. Nikiacha kugusa nyuzi kuna mvumo mmmm, nikizigusa unapungua. Nimeharibu kitu?

FundiTrafo

Hujaharibu. Mwili wako ni antena, na ukishika nyuzi unaungana na ethi ya gitaa, mvumo unashuka. Ungeongezeka ukishika ndiyo ungekuwa na kazi ya kufungua gitaa. Pikapu za koili moja zinanasa mvumo wa umeme kutoka kwenye kila kitu. Kaa mbali na chaja ya simu na taa za bei poa, kisha geuka taratibu na gitaa lako kama mtu anayetafuta mtandao. Kuna upande utakuta mvumo umenyamaza. Kiti kiweke upande huo.

NyuziSita

Upande ulionyamaza ni kuangalia mlango. Sawa, nitaonekana nasubiri wageni.

Nimerekodi kidogo kwa simu, dakika moja, nimeweka kwenye kiambatanisho. Mzee naomba usinionee huruma.

KayoleRiff

Msee, hiyo sauti ni tamu. Mimi mtu wa metal na nimeisikiliza mara mbili. Usimwambie mtu.

MzeeWaRidhimu

Nimesikiliza na hedifoni za mjukuu. Ampu haina tatizo lolote. Uzi wa tatu uko chini kidogo.